Vyura wa Antipasi na Kabati la Chipsi

Jumamosi, tarehe 9 Machi 2024. Usiku ilinyesha mvua fupi. Asubuhi kulikuwa na mawingu mepesi, na kufikia saa nne mawingu yote yalikuwa yameondoka, jua la kijiji cha Mkiwa likabaki peke yake juu ya mabati.

Wakati huo Antipasi Ntandu, fundi seremala na vioo, alikuwa uani kwake akimkimbiza jogoo. Hakutaka kumchinja. Alikuwa anatafuta wa kuzungumza naye, na jogoo ndiye aliyezoeleka.

Ili jambo hili lieleweke, inabidi kuanza na sanduku.

Antipasi ni mtu wa miaka hamsini na kidogo, mrefu, mpole, ambaye hupima mara mbili hata anapokata mkate. Mke wake, Raheli, ni mzaliwa wa Kinampanda, kule Iramba. Anauza chai na maandazi kando ya barabara, mahali magari ya Itigi yanapopunguza mwendo. Kabla ya Krismasi Raheli alimwomba mumewe amtengenezee kabati la vioo la kuwekea chipsi, kama yale ya mjini, ili abiria azione zikiwa za moto na asipite hivi hivi. Antipasi alikubali mara moja. Alileta vioo vinene, akavikata, akaviunganisha kona kwa kona kwa gundi ya silikoni, akaacha vikauke kivulini. Kisha akajaza maji ndani ili aone kama panavuja.

Hapo ndipo Raheli alipopaswa kushtuka. Chipsi haziogelei.

Kumbe siku zile Antipasi alikuwa ameona kwenye simu video ya mtu wa Ulaya mwenye bustani ndani ya sanduku la kioo. Mlikuwa na majani, mawe, kijito cha maji, na vyura wadogo wa bluu na wekundu waliong'aa kama peremende. Aliitazama mpaka bando likaisha. Vyura wale wanatoka misitu ya mbali, ng'ambo ya bahari, na inasemekana huko kwao wana sumu. Antipasi hakuwa na haja nao. Aliwakumbuka wale wa lambo la kijijini, wadogo kuliko kidole gumba, wenye mistari ya njano na myeusi, wanaolala kwenye matete mchana. Aliona kwamba hao nao, wakipata nyumba nzuri, hawatamwaibisha mtu.

"Hili si kabati la chipsi," Raheli alisema siku alipoona kokoto zinaingia.

"Bado," alijibu Antipasi.

Alikuwa amezisafisha kokoto mpaka maji yakatoka safi kama ya kunywa. Juu yake alitandika kipande cha chandarua kilichochakaa, ili udongo usishuke ukaziba. Juu ya chandarua aliweka udongo mweusi wa chini ya miti, uliochanganywa na mkaa uliopondwa na majani yaliyooza. Upande mmoja hakuweka udongo. Alijenga ukingo wa mawe, akaacha bwawa lenye kina cha vidole vitatu, lenye mteremko, maana chura mdogo naye anaweza kuzama kama hana pa kupandia. Alipanda nyasi za majini, matete mafupi, na lile ua la kutambaa ambalo watu huliotesha kwenye kopo la maziwa. Kwenye mawe alibandika ule ukijani laini unaoota kando ya kisima. Maji ya bomba hakuyataka, kwa sababu ya hapa yana chumvi. Alitumia ya mvua, ya kwenye pipa.

Kilichobaki ni kijito. Alikwenda duka la dawa akaomba mpira wa dripu.

"Pole sana, fundi. Nani anaumwa?" aliuliza dada wa dukani.

"Hakuna. Ni wa jiwe."

Dada yule alimtazama, akamuuzia, na kabla Antipasi hajafika nyumbani habari zilikuwa zimemfikia Edward, fundi pikipiki, ambaye banda lake linapakana na karakana ya Antipasi.

"Fundi, nasikia jiwe limelazwa," Edward alisema akichungulia. "Linaendeleaje? Limekunywa uji?"

Antipasi alining'iniza ndoo ndogo ukutani, akaunganisha mpira, akakaza kile kigurudumu cha kupunguzia maji. Tone la kwanza likashuka juu ya jiwe, likateleza kwenye ukijani, likaingia bwawani. Edward akatazama la pili na la tatu.

"Lakini ni kweli inapendeza," alisema. Kisha kwa kuwa hakuzoea kusema maneno ya namna hiyo, akaongeza, "Siku chipsi zikiingia humo zitakuwa na ladha ya lambo."

Sanduku liliwekwa sebuleni, kwenye meza karibu na dirisha la mashariki, pazia likiwa limefungwa. Vyura walioletwa kutoka lamboni waliingia, wakapanda matete, wakalala. Chakula chao kilikuwa inzi wadogo wale wa kwenye ndizi mbivu, ambao Antipasi aliwafuga kwenye chupa ya maji iliyokatwa shingo. Hilo la inzi ndilo lililomfanya Raheli asimame katikati ya sebule, mikono kiunoni.

"Baba Janeth, mimi nauza chakula. Kutwa nafukuza inzi. Wewe nyumbani unawafuga?"

"Hao ni wa ndizi. Hawaji kwenye maandazi."

"Umewaambia?"

Basi wakakubaliana. Raheli si mkorofi. Akisema neno analishika. Alisema vyura watabaki maadamu wako hai wote, kwa sababu yeye hatoi kiumbe kwenye nyumba yake. "Lakini siku nitakayokuta mmoja amekufa," alisema, "kesho yake sanduku linaoshwa kwa maji ya moto, naweka chipsi. Na usiniletee mwingine kutoka lamboni ukadhani sitamjua."

Antipasi aliahidi. Tangu hapo aliacha hata kunywa chai kibandani asubuhi, akawa anakaa sebuleni akiwanyunyizia maji na kuwakagua mmoja mmoja. Rafiki zake walidhani ameokoka.

Ndipo Bibi Damari alipokuja.

Bibi Damari ni mama yake Raheli. Alikuja kutoka Kinampanda kupumzisha mguu uliovimba, na mtu wa mguu hukaa sebuleni. Kwa ukoo wao, mkwe na mama mkwe hawakai chumba kimoja, hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawatajani majina, na hawasemezani moja kwa moja. Wakiwa na neno la lazima, hulipitisha kwa mtu mwingine, na mtu akikosekana, hulipitisha kwa chochote kilicho karibu. Antipasi alihamia karakanani, akawa analetewa chakula huko, na akitaka kuvuka uani alikohoa kwanza. Maneno yake aliyapitisha kwa jogoo. Bibi Damari ya kwake aliyapitisha kwa ufagio uliokuwa umeegemea kiti chake.

Kwa hiyo sanduku likawa ndani na mwenye sanduku nje. Raheli alinyunyiza maji kwa niaba yake, bila furaha lakini kwa uaminifu. Naye Bibi Damari siku ya kwanza alisema hawezi kukaa na vyura kama yuko bondeni. Siku ya pili aliomba kiti chake kisogezwe, akasema upande ule kuna hewa. Kiti kikasogezwa mpaka karibu kiguse sanduku.

Jumamosi hiyo Raheli alipanda pikipiki kwenda sokoni Itigi kununua viazi.

"Viazi vya nini?" Antipasi alimuuliza barabarani.

"Vya kula," alisema Raheli. "Na vya kusubiri."

Alipoondoka, Bibi Damari alichukua ungo ili achambue maharage. Sebule ilikuwa na giza, na macho yake si ya zamani. Alinyoosha mkono akavuta pazia. Jua lote la mashariki likaingia, likapita kwenye kioo, likajaa ndani ya sanduku.

Antipasi alikuwa karakanani akipiga randa. Alipoinua kichwa baada ya muda, aliona mwanga umemeta dirishani. Sanduku la kioo kwenye jua ni sufuria. Alitupa randa, akakimbia mpaka nusu ya ua, kisha akasimama ghafla kama mtu aliyefika ukingoni mwa korongo. Ndani alikuwamo mama mkwe. Hakuweza kuingia, na hakuweza kumwita. Akageuka kumtafuta jogoo.

Jogoo naye alikuwa nyuma ya choo, na alipomwona bwana wake anakuja kwa kasi vile alifikiri kama jogoo yeyote anavyofikiri. Alikimbia. Wakazunguka choo, wakapita chini ya kamba ya nguo, wakarudi mbele ya dirisha.

Bibi Damari aliona yote. Uso wake ukalainika.

"We ufagio!" alisema kwa sauti kubwa. "Mwambie mwenye nyumba asihangaike kuchinja! Jana nimekula, leo nimekula, na maharage haya nayachambua. Aache jogoo wa watu!"

Antipasi alimdaka jogoo bawa moja, akamkumbatia. "Jogoo!" alisema huku akihema, uso kaugeuzia mpapai. "Hakuna anayekuchinja! Kuna pazia limefunguliwa! Jua linawapiga wale viumbe!"

"Ufagio, pazia nimelifungua mimi, nione mawe ya maharage. Na viumbe wenyewe wala hawana habari, wamekaa tu hapa, wame..."

Akasogeza uso kwenye kioo.

Wale wa mistari ya njano na myeusi hawakuwepo. Mahali pao, juu ya matete, palikuwa na vitu vidogo vyeupe, vikavu, vimekunja miguu chini ya tumbo, mithili ya vipande vya chaki. Pazia likafungwa haraka.

"Jogoo, vipi huko?" aliuliza Antipasi.

"Ufagio, mwambie jogoo aende akafanye kazi zake."

Sauti ile haikuwa ya mtu anayechambua maharage. Antipasi alibaki palepale na jogoo kifuani, akijua kuwa Raheli anakuja na viazi.

Ndani, Bibi Damari alikuwa na hesabu nzito zaidi. Alijua makubaliano ya mwanawe na mumewe. Raheli alikuwa amemsimulia akicheka. Sasa watu watasemaje? Kwamba mama mtu alitoka Kinampanda na mguu wake, akaingia nyumba ya mkwe, akaua mifugo ya mkwe ili binti yake apate kabati? Aliwaza kuwatoa mmoja mmoja awafunge kwenye upindo wa khanga. Aliwaza kusema paka. Mwisho akaona kwanza ahakikishe. Akainua mfuniko, akapeleka kidole taratibu kumgusa marehemu wa karibu.

Marehemu aliruka. Alitua juu ya kilemba cha Bibi Damari. Kilemba kikatupwa, naye akabaki kwenye nywele.

"Antipasi!" alipiga kelele Bibi Damari. "Antipasi weee! Nakufa!"

Tangu siku ya posa hakuwahi kulitamka jina hilo. Antipasi alilisikia, na miguu ikamwingiza ndani kabla akili haijakataza. Alimkuta mama mkwe amesimama katikati ya sebule, kichwa wazi, mvi zote nje, na juu ya mvi chura mweupe ametulia. Antipasi alifumba macho. Kisha akakumbuka kwamba bado ana jogoo kwapani, akafumbua jicho moja, maana shingo ya jogoo ilikuwa imeanza kunyooka. Jogoo alikuwa ameona kitoweo.

"Jogoo, acha!" alisema Antipasi, akigeuka mgongo. "Na wewe chura, shuka hapo kwa heshima! Hapo si mahali pako!"

"Mtoe!" alisema Bibi Damari.

"Jogoo, sema, mimi siwezi kugusa kichwa cha mkwe!"

Edward aliingia na spana mkononi, tayari kwa mwizi. Aliona hali ilivyo, akaishusha spana. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nitolee huyu."

"Mama, kwa kitu kingine chochote niite. Mimi na chura hatujawahi kuelewana."

Hivyo ndivyo Raheli alivyowakuta aliposhuka kwenye pikipiki: mama yake kama mtu anayepigwa picha, mumewe ameelekea ukutani na jogoo, Edward mlangoni akitazama paa. Hakuuliza. Alimchukua chura kwa vidole viwili, akamrudisha sandukuni, akamfunika mama yake kilemba, akamsukuma Antipasi nje. Kisha akainama kuangalia ndani ya kioo.

"Weupe wote," alisema. "Baba Janeth, hawa wamekufa."

"Na huyo aliyeruka?" sauti ya Antipasi ilitoka uani.

"Huyo mmoja. Nawasema hawa wengine."

Akavunja kijiti cha ufagio, akamsogeza mmoja ubavuni. Kile kipande cha chaki kilifumbua jicho, kikamtazama, kikafumba tena, kama mtu aliyeamshwa mapema Jumapili. Akamsogeza wa pili. Naye vilevile.

"Ngoja kwanza," alisema Edward, akiwa bado mbali. "Mimi hawa nimewaona. Kiangazi, mchana, wamejaa kwenye mabua ya mtama kule lamboni. Siku zote najua ni mavi ya ndege."

"Umewahi kugusa?"

"Ningegusia nini mavi ya ndege, shemeji?"

Wakanyunyiza maji, wakaacha pazia limefungwa, wakangoja. Antipasi alikaa chini ya dirisha, upande wa nje, bila kula. Jua lilipoanza kulegea, Raheli alimwita Edward, Edward akamwita mpita njia, maana mambo yalikuwa yanatokea. Weupe ulikuwa unaondoka. Kwanza ilikuja njano hafifu mgongoni, kisha mistari myeusi, na kabla ya magharibi mmoja alishuka kutoka kwenye tete akala inzi mbele ya watu wote. Vyura wa jamii ile, jua likiwazidi, hupauka ili joto lisiwaingie. Wamefanya hivyo miaka yote, saa ambazo kila mtu mwenye akili yuko kivulini.

"Hakuna aliyekufa," alisema Raheli kwa kuvuta maneno. "Neno ni neno. Wakae."

Antipasi alishusha pumzi chini ya dirisha. Aliishusha mapema.

"We ufagio," alisema Bibi Damari. Alikuwa amekaa kitini, ufagio kaulaza mapajani, na sauti yake ilikuwa ya baraza. "Mwambie huyo jogoo kuna jambo halijaisha. Mkwe ameingia nilipo, amenikuta kichwa wazi. Kwetu hilo ni mbuzi."

"Jogoo," alijibu Antipasi, "sema ni kweli, na mbuzi yupo."

"Ufagio, mbuzi nitampakiaje kwenye basi na mguu huu? Sitaki mbuzi. Nataka hilo bwawa, na sanduku lake."

Antipasi alisimama, akatazama juu ya dirisha kama mtu anayetafuta mahali kioo kilipopasuka. Faini ya mkwe haijadiliwi. Alimwinua jogoo mpaka usawa wa kinywa.

"Jogoo," alisema polepole, "mwambie ni lake."

"Sawa. Sasa na mimi," alisema Bibi Damari. "Nimemtaja mkwe jina, tena mara mbili, tena kwa kelele. Kwetu hilo nalo ni mbuzi, na mimi mbuzi sina. Basi ufagio, mwambie nitalipa hivi: bwawa langu libaki hapahapa, alitunze yeye, na mtu mwingine asiliguse. Nikija nikute kiti changu pembeni yake."

"Mama!" alisema Raheli. "Na kabati langu?"

"Unataka kuweka chipsi kwenye chombo cha mama yako, na yeye bado hai?"

Edward alicheka mpaka akakalia gunia la viazi. Raheli alimwondoa hapo kwa mkono, akaliangalia gunia, akamwangalia mama yake, ambaye tayari alikuwa amegeukia sanduku na kuanza kuwahesabu vyura kwa Kinyiramba.

"Mmenifunga wawili," alisema. "Haya. Lakini Baba Janeth, viazi vimeshanunuliwa, na mimi Jumatatu naanza."

"Jogoo," ilisikika sauti uani, "mwambie Mama Janeth nimesikia."

"Mimi si mkwe wako!" alisema Raheli. "Sema na mimi!"

Kesho yake asubuhi, kabla ya misa, Antipasi aling'oa vioo vya dirisha la chumba chao cha kulala, akaziba dirisha kwa mbao, akavilaza vioo juu ya meza ya karakana, akaanza kukata kabati la chipsi.